Mkate wa dona uliomrudisha mzee mezani

Wiki hii tuziache kidogo habari za nani kaonekana na nani, na nani kamtosa nani. Leo naongelea mkate. Ndiyo, mkate! Usifungue ukurasa wa michezo kwanza, ngoja nikupe stori, maana ndani yake kuna mzee mmoja mkaidi, kuna ugomvi wa ndani ya nyumba, na kuna kijana wa kiume aliyeingia jikoni masela wakamcheka mpaka wakashika mbavu. Kijana mwenyewe ndiye huyu anayekuandikia.

Wewe mtoto wa mjini, hebu nijibu. Ukienda kwa mama ntilie unamwambia akupe ugali wa sembe au wa dona? Hapo huhitaji kufundishwa. Unajua kabisa kwamba sembe ni mahindi yaliyokobolewa, yakavuliwa ganda na kiini, ukabaki weupe unaong'aa. Dona ni punje nzima imetiwa mashineni, hakuna kilichotupwa. Sasa ngano nayo ni vivyo hivyo! Unga mweupe wa maandazi, chapati na mkate wa dukani ndio sembe ya ngano. Unga wa ngano nzima ndio dona yake. Tofauti ni moja tu: dona ya mahindi tunaijua wote, dona ya ngano wengi wetu tunaisikia tu kwa watu wa Masaki na Oysterbay.

Mimi ni wa Temeke. Masaki naenda kwa shughuli maalumu. Lakini mkate huu nimeupika kwa mikono yangu, uani kwetu, kwenye jiko la mkaa, na sikuupika kwa ajili ya kujidai. Niliupika kwa sababu ya baba yangu.

MZEE NA SUKARI YAKE

Mzee wangu ni dereva mstaafu wa malori. Kati ya miaka ya themanini na mwanzoni mwa miaka ya tisini aliendesha magari makubwa huko kaskazini, Arusha, Babati, Singida, na kwa msimu kadhaa alikuwa akibeba ngano kutoka mashamba makubwa ya Basotu, wilaya ya Hanang. Mtu wa barabara huyo. Chakula chake ni cha barabara: nyama choma, soda mbili, na chai ya rangi yenye sukari ambayo kijiko kikisimamishwa hakianguki.

Nyumbani kwetu, tangu nikiwa mdogo, chai ya asubuhi ndiyo ilikuwa kikao cha familia. Mzee anakaa kiti chake kinachotazama mlango, mama anamimina, dada anapaka siagi, mie nagombania kipande cha pembeni. Mkate lazima uwe mweupe. Kwa mzee mkate mweupe haukuwa chakula tu, ulikuwa cheti. Yeye ni wa kizazi kilichopanga foleni miaka ile ya shida, sukari ya kupanga foleni, sabuni ya kupanga foleni, na unga wa njano watu wakaubandika jina la Yanga. Mtu aliyepita huko akiweza kuwawekea wanawe mkate mweupe mezani kila siku, anajiona ameshinda.

Halafu mwaka juzi akaanza kunywa maji kama gari lililotoboka rejeta. Usiku anaamka mara nne, mara tano kwenda uani. Amekonda. Mama akamlazimisha kwenda kupimwa, na majibu yakatoka: kisukari. Akaandikiwa vidonge, akaambiwa apunguze sukari, apunguze wanga uliokobolewa, atembee, na achunge miguu yake.

Mzee akasikiliza vizuri sana. Akarudi nyumbani, akameza vidonge, na yale mengine yote akayaacha kwenye benchi la kliniki.

Mama naye hakukubali. Sukari ikafichwa, mkate mweupe ukapigwa marufuku. Unajua mzee wa Kiswahili akipangiwa chakula na mkewe mbele ya watoto anavyojisikia? Hakugombana. Aliacha tu kuja mezani. Asubuhi anavaa koti lake, anaaga, "Nanyoosha miguu," anapotelea mtaani. Kumbe anaenda kwa mama ntilie wa mtaa wa pili, anapigiwa chai tamu na slesi nne za mkate mweupe. Majirani wote wanajua, sisi ndio wa mwisho.

Kiti kinachotazama mlango kikawa kitupu. Mama na mzee wakawa wanaongea kupitia kwangu. "Mwambie baba yako maji ya kuoga tayari." "Mwambie mama yako nimesikia." Nyumba ya vyumba vitatu, nakuwa tarishi!

Ningevumilia. Lakini mzee akapata kidonda kwenye kidole gumba cha mguu, kandambili ilimkata. Kidonda kidogo, punje ya harage. Wiki ya kwanza hakijapona. Ya pili hakijapona. Ya tatu kinatoa maji. Mtaani kwetu kuna mzee mwingine alianza na kidonda kama hicho, leo anatembelea magongo, mguu umekatwa chini ya goti. Kila nikimwona anapita, tumbo linanikata. Baba yangu ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli kwa kunikimbilia nyuma, na mimi namtazama mguu wake uleule unaoza kwa ajili ya slesi nne.

MKATE WA KAHAWIA WA KUPAKWA RANGI

Dada yangu, anayefanya kazi mjini, akaja na wazo. "Kaka, si kuna mikate ya brauni? Tumpe hiyo." Akanunua mmoja, mzuri wa kutazama, rangi ya kahawia kama sufuria ya shaba, laini ukiubonyeza unarudi.

Mie nina tabia ya kusoma vikaratasi. Nikasoma. Cha kwanza kilichoandikwa ni unga wa ngano, basi, haikusemwa ngano nzima. Mbele kidogo kuna sukari. Mbele tena kuna rangi ya karameli, yaani sukari iliyounguzwa. Jamani! Mkate mweupe umevalishwa koti la kahawia! Sitaji duka wala kiwanda, kwa sababu hakuna aliyedanganya: hakuna mahali paliposemwa kwamba ni ngano nzima. Walisema kahawia, na kahawia ni kweli ilikuwepo.

Kwa hiyo somo la kwanza, msomaji wangu: rangi si ushahidi. Tazama orodha ya vilivyomo. Vinaandikwa kwa kufuata wingi, kilicho kingi kinatangulia. Kama ngano nzima haiko ya kwanza, hapo umenunua rangi.

Mikate ya ngano nzima ya kweli ipo kwenye supamaketi kubwa, ila bei yake kwa nyumba yetu ni ya kula Jumapili, siyo kila siku. Nikasema, basi, naupika mwenyewe.

SAFARI YA KUTAFUTA PUNJE

Unaweza kununua unga wa ngano nzima tayari. Kwenye maduka ya Wahindi ulizia unga wa atta, ule wa chapati, lakini nao soma pakiti, maana kuna unaosagwa na pumba zote na kuna uliopunguzwa. Mie nilitaka punje. Nikashuka Kariakoo kwenye maduka ya nafaka.

Hapo angalia. Ngano nzima inayouzwa mara nyingi ni ile ya bokoboko, chakula kile cha nyama na ngano kinachopondwa mpaka kinavutika, watu wa pwani wanakipenda hasa mwezi wa Ramadhani na kwenye sherehe. Nyingi ya hiyo imeshatwangwa kuondolewa ganda. Ukimwambia muuzaji "naomba ngano" atakupa hiyo. Mwambie "ambayo haijatwangwa, ina ganda lake." Itakuwa na rangi ya udongo mwekundu kidogo na mstari katikati ya tumbo.

Punje ya ngano ina sehemu tatu. Nje kuna ganda, ambalo likisagwa ndilo pumba, na humo ndimo zilimojaa nyuzinyuzi. Katikati kuna wanga, ndiyo sehemu kubwa, na huo ndio unga mweupe. Na kwenye ncha moja kuna kiini kidogo ambacho ndicho kingekuwa mche, kina mafuta na vitamini. Kinu kikubwa kikitengeneza unga mweupe, pumba na kiini vinatolewa. Matokeo yake ni kwamba gramu 100 za unga mweupe zina kama gramu 3 tu za nyuzinyuzi, na gramu 100 za unga wa ngano nzima zina 10 au zaidi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2023 kwamba mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Kwa slesi nne nyeupe na soda, utazipata wapi?

Lakini tusidanganyane, unga mweupe nao una lake jema. Tanzania tangu mwaka 2011 kuna sheria ya viwanda vikubwa kuongeza virutubisho kwenye unga wa ngano, ikiwemo madini ya chuma na asidi ya foliki, na hiyo foliki inawasaidia sana akina mama wanaotarajia kupata ujauzito. Ngano yako uliyosagisha mtaani haijaongezwa kitu. Kwa hiyo dada zangu, usiache vidonge ulivyopewa kliniki ya wajawazito eti kwa sababu unakula mkate wa dona.

MASELA NA MWOKAJI

Siku ya kwanza kupita kijiweni na mfuko wa ngano nikielekea mashineni, masela wakanipokea kwa miluzi.

"Oya mwana, umeoa nini? Mbona unaenda kusaga?"

"Anapika mkate huyo! Mama mwokaji!"

Nikawaambia, cheka sasa, utaomba baadaye. Nikapita zangu.

Fundi wa mashine naye akanikazia. Mashine yake ni ya mahindi, ngano ikiingia inachanganyika na vumbi la mahindi yaliyotangulia. Tukakubaliana: nije asubuhi kabla hajaanza kazi, mashine imepanguswa, aweke chekeche ya matundu madogo kabisa, na kilo ya kwanza inayotoka na mahindi ya jana naitenga kwa uji. Unga ukatoka wa moto, una harufu kama ya karanga zilizokaangwa. Usiufunge ukiwa wa moto, utaota ukungu. Uanike kwenye sinia upoe. Na usisagishe mwingi, kwa sababu yale mafuta ya kiini yanaoza haraka kwa joto la Dar. Mie nasagisha wa wiki mbili, nauweka kwenye friji. Kama huna friji, sagisha wa wiki moja.

Haya, chukua kalamu. Mkate mmoja wa watu wanne unataka hivi:

Unga wa ngano nzima nusu kilo. Maji ya uvuguvugu kikombe kimoja na nusu. Chumvi kijiko cha chai kimoja na nusu, kisizidi. Hamira ya chenga vijiko vya chai viwili. Mafuta ya kula vijiko viwili vikubwa. Sukari hapana. Watu wanadhani hamira bila sukari haiumui. Inaumua! Inajilisha kwenye wanga wa unga wenyewe, ila inakwenda taratibu kidogo.

Changanya kwanza unga na maji peke yake, funika, acha nusu saa. Hapa ndipo siri ilipo. Pumba zinakunywa maji mengi na zinakunywa polepole. Ukikanda palepale utaona donge kavu, utaongeza maji, baadaye litalegea likushinde. Tena pumba ni ngumu, zina makali kama vumbi la mbao, zinakata zile nyuzi za gluteni zinazoshika hewa, ndiyo maana mkate huu hauwi mwepesi kama mweupe. Zikilowa zinakuwa laini, zinaacha kukata.

Baada ya nusu saa tia hamira, chumvi na mafuta, kanda dakika kumi. Donge litakuwa linanatanata kidogo, na ndivyo linavyotakiwa. Usilimwagie unga kila saa. Paka mafuta mikononi. Funika kwa kitambaa kibichi, weka kivulini. Kwa joto letu la Januari saa moja inatosha, Julai ongeza nusu saa. Likishaumuka, libonyeze, likunje kwa umbo la sufuria, litie kwenye sufuria ndogo iliyopakwa mafuta, liumuke tena kama nusu saa. Bonyeza kwa kidole: shimo likirudi polepole, tayari. Lisiachwe mpaka lifure mara mbili na zaidi, likiingia kwenye moto litabonyea katikati kama godoro la gesti.

Sasa moto. Kama una oveni, nyuzi joto 200 kwa dakika 40. Sisi wa mkaa tunafanya kama mama zetu wanavyofanya mkate wa kumimina: sufuria kubwa, mchanga mkavu chini wa vidole viwili, ipashe moto robo saa, weka sufuria ndogo juu ya mchanga, funika kwa sinia, palia makaa juu ya sinia. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini. Dakika 45 hivi. Utoe, ugeuze, uugonge tako kwa kidole. Ukilia kama ngoma umeiva. Ukinyamaza, urudishe.

Halafu ukae nao mbali! Usiukate wa moto. Ndani bado unajipika, ukiuchana mapema utanata kama ugali mbichi. Saa moja. Haraka haraka haina baraka, na kwa mkate huu si msemo, ni sayansi.

MZEE AKAGOMA

Mama akauweka mezani, akatuma mtu kijiweni kwa wazee kumwita mzee. Akaja, akasimama mlangoni, hakukaa. Akatazama ule mkate wa duara, mweusi pembeni, una chengachenga.

"Nini hiki?"

"Mkate, baba. Ngano nzima. Kijana wako kapika."

Akacheka, kicheko kile kisicho na raha. "Nimebeba ngano ya nchi hii, gunia kwa gunia, mgongo wangu ndio ushahidi. Leo nimezeeka mnanilisha pumba kama ng'ombe?"

Akavaa kofia yake akaondoka. Mama akabaki anautazama mkate, halafu akajifanya anafuta meza. Alikuwa analia. Mama yangu hakulia hata siku nyumba yetu ilipoingia mafuriko.

Usiku ule nilifikiri sana. Sikumkasirikia mzee. Nilimwelewa. Mtu aliyekula njano miaka ya shida ukimpa cha kahawia uzeeni, anasikia unamwambia amerudi alikotoka. Dawa si kumhubiria nyuzinyuzi. Ila dawa yenyewe sikuwa nayo, na kidonda kilikuwa hakingoji.

Nikaendelea kupika, kila baada ya siku mbili. Tukawa tunakula sisi, na maharage, na mchicha wa nazi, na mayai. Masela wa kijiweni nao wakanusa, mmoja akaja kuomba "kaonje", kesho yake wakaja watatu. Mzee akapita kimya na koti lake.

PUNJE ZA BASOTU

Jumamosi moja nilikuwa uani nachambua ngano kwenye ungo, natoa mawe na punje mbovu, mzee kakaa kwenye kibaraza mguu kaufunga bandeji. Dakika kumi kimya. Mara nikasikia, "Lete hapa."

Nikampelekea ungo. Akachota punje, akazimwaga kiganja hadi kiganja, akatia moja kinywani, akaing'ata. Ka!

"Hii imekauka vizuri. Ikilia hivi haijafyonza maji. Ikibonyea usinunue, itaoza gunia zima." Akazitazama tena. "Umeinunua wapi?"

Nikamwambia. Akaanza kuchambua mwenyewe, vidole vinakwenda mbio kama vya kuhesabu hela. Na mdomo ukafunguka. Akanisimulia Basotu, udongo mweusi ambao mvua ikinyesha lori linazama mpaka ekseli na mnalala hapohapo siku mbili. Akanisimulia mashamba saba ya serikali chini ya NAFCO, yaliyoanzishwa kwa msaada wa Kanada, mashine za kuvuna zinapishana kwenye shamba ambalo mwisho wake huuoni. Akanisimulia pia Wabarbaig, wafugaji waliokuwa na malisho yao pale, jinsi ardhi ilivyochukuliwa wakabaki wanapita pembezoni na ng'ombe wao, na kesi zikafika mahakamani. "Sisi madereva tulikuwa tunawaona wamesimama wanatazama tu," akasema. "Ngano ile ilikuwa na watu nyuma yake."

Leo sehemu kubwa ya ngano tunayokula nchini inatoka nje, inashuka bandarini. Mzee alikuwa hataki kuamini. Akang'ata punje nyingine kama anayetaka kuitambua.

Nikamuuliza, "Baba, ule mzigo wote uliobeba, uliwahi kuionja ngano yenyewe? Nzima?"

Akanyamaza. "Thubutu. Tulikuwa tunapeleka kinuni. Sisi tunakula ugali."

Jumatatu tukaenda mashineni pamoja, yeye anachechemea, mimi nimebeba mfuko. Fundi wa mashine akamwamkia, mzee akaanza kumfundisha kazi. Akataka ashike unga, akausugua katikati ya vidole, akasema chekeche ibadilishwe, bado ni mkubwa. Ikabadilishwa.

Jioni mkate ulipotoka, aliugonga yeye. Na kesho yake asubuhi nilipoamka nilikuta kiti kinachotazama mlango kina mtu. Mama anamimina chai, hakuna aliyesema neno. Mzee akakata kipande, akatafuna muda mrefu, mkate huu ni lazima utafune. Akasema, "Una ladha." Basi. Mama akamsogezea yai.

NESI AKATUKATA KILIMI

Sasa usije ukasema nimekuambia mkate ni dawa. Sikiliza haya vizuri.

Mzee akiamini kitu anaamini kweli. Wiki ya pili alikuwa anakula nusu mkate peke yake, anasema, "Si ni wa kahawia!" Siku ya kliniki nikamsindikiza, akamweleza nesi kwa majigambo. Yule dada akatabasamu, akasema, "Baba yangu, hongera. Lakini mkate ni mkate."

Akatueleza kwamba ngano nzima ikisagwa laini, kasi yake ya kupandisha sukari mwilini haipishani sana na ya mkate mweupe. Faida yake ni nyuzinyuzi, kushiba mapema, choo kizuri, na moyo. Ila wanga ni wanga. Slesi mbili nyembamba, siyo nusu mkate. Tena zisiliwe peke yake na chai, ziliwe na yai, au maharage, au mboga, maana hivyo sukari inapanda taratibu. Na chai iwe bila sukari kabisa. Vidonge viendelee. Kutembea kuendelee. Kidonda kisafishwe kila siku, na viatu viwe vya kufunika vidole.

Mzee akaniangalia kama vile mimi ndiye niliyemfundisha nesi. Lakini akafuata! Kwa nini? Nadhani kwa sababu sasa mkate ulikuwa wake. Alikuwa halishwi tena, alikuwa anasimamia.

Kidonda kilichukua miezi miwili kufunga. Siku bandeji ilipotolewa mama alikitazama kile kidole kama anatazama mjukuu. Sukari imeshuka, si ya kijana, lakini daktari hakunji tena uso. Mangapi yametokana na vidonge, mangapi na kuacha chai tamu, mangapi na mkate? Mie siwezi kukugawia. Ninachojua ni kwamba vyote vilianza siku moja, siku mzee alipokubali kukaa nasi.

Na ugomvi wa nyumbani? Mimi si tarishi tena. Wanagombana wenyewe kwa wenyewe, uso kwa uso, kuhusu nani kaweka makaa machache juu ya sinia.

Kwako wewe kijana unayesoma huku unakunywa soda ya baridi: kama una mzazi anayekunywa maji kupita kiasi, anaamka usiku kila saa, anakonda bila sababu, mpeleke akapimwe wiki hii, wala usingoje kidonda. Ni tone moja la damu. Na kama majibu yakiwa mabaya, usimgeuze mtoto kwa kumfungia kabati. Mtafutie kitu anachokijua yeye kuliko wewe, umwombe akufundishe.

Ukipika, anza na nusu unga huu na nusu mweupe kama familia yako ina midomo mizito, halafu punguza mweupe taratibu. Mkate ukilala siku mbili unakuwa mgumu, uchome kidogo juu ya mkaa, unarudi kama mpya. Na masela wakikucheka, wakatie kipande. Wangu siku hizi wananiuliza, "Mwokaji, leo vipi, upo?"

Nipo. Wikiendi njema, na tuzidi kutafuna.